Neno la Muungwana

Katika vyuo vingi mtihani ni kazi ya ulinzi. Msimamizi huzunguka kati ya madawati, mabegi huachwa mlangoni, simu hukusanywa, na anayegeuza shingo huandikwa jina. Chuo Kikuu cha Virginia, kilichoko mji wa Charlottesville nchini Marekani, kimejengwa juu ya desturi nyingine, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1842. Mwanafunzi akimaliza kazi yake hutia saini chini ya tamko kwamba, kwa heshima yake, hakusaidiwa wala hakumsaidia mtu. Akibainika kuwa alidanganya, hapelekwi kwa mkuu wa chuo. Hupelekwa kwa wanafunzi wenzake: wao ndio wanaopeleleza, wao ndio wanaosikiliza shauri, wao ndio wanaoamua. Na kwa zaidi ya karne moja aliyepatikana na hatia alikabiliwa na adhabu moja tu, kuondoka chuoni asirudi tena. Mwaka 2022 wanafunzi waliipigia kura adhabu hiyo wakaiondoa, na wako wahitimu waliosikitika kwamba heshima ya chuo chao imezikwa. Historia ya desturi hii, ukiifuata tangu chimbuko lake, inaonyesha kinyume. Adhabu ile ndiyo iliyokuwa ikiidhoofisha heshima, maana iliwafunga midomo watu ambao bila neno lao desturi yote haina pa kusimama.

Thomas Jefferson, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, alikifungua chuo hicho Machi 1825, akiwa na miaka 81, na imani yake ilikuwa kwamba vijana wakiachiwa kujitawala watajitawala. Kanuni zake za kwanza zilisema mwanafunzi akiitwa kutoa ushahidi atautoa kwa hiari yake, bila kiapo, na makosa madogo yangesikilizwa na baraza la wanafunzi wenyewe. Mwaka haukwisha kabla imani hiyo haijajaribiwa. Usiku wa Oktoba 1, 1825, vijana waliovaa vinyago walikusanyika kwenye Lawn, ule uwanja wa majani unaozungukwa na nyumba za walimu na vyumba vya wanafunzi, wakipiga kelele za kuwatukana maprofesa waliotoka Ulaya. Maprofesa wawili waliojaribu kuwakamata walishambuliwa kwa fimbo na matofali. Kulipokucha, wanafunzi waliulizwa ni nani waliokuwapo. Wanafunzi 65 walitia saini tamko la kukataa kuwataja wenzao. Kwao, kumtaja mwenzako mbele ya mwalimu ulikuwa uchongezi, na mchongezi alihesabiwa mtu wa chini kuliko mkosaji. Baraza la wanafunzi ambalo Jefferson alilitegemea likawa jina tu.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa makini. Bodi ya chuo iliwaita vijana wote. Jefferson, akiwa pamoja na James Madison aliyekuwa mjumbe mwenzake, aliinuka kusema nao, akatamka maneno machache, uchungu ukamzidi, akaketi. Mjumbe mwingine, Chapman Johnson, alilishika neno akawaomba wahusika wajitokeze wenyewe. Wakajitokeza, na miongoni mwao alikuwamo kijana wa ukoo wa Jefferson mwenyewe. Watatu walifukuzwa. Vijana walewale ambao asubuhi yake hakuna kitisho kilichoweza kuwafanya wamtaje mtu, walisimama kwa miguu yao walipoombwa wajitaje. Tofauti hii kati ya kutajwa na kujitaja itarudi tena baada ya karibu karne mbili, ingawa watakaoirudisha huenda hawakuwa wakiufikiria usiku ule.

Bodi haikujifunza hivyo. Ilijifunza kwamba vijana wamebanwa kidogo mno, ikaweka saa ya kuamka alfajiri, ikaweka sare, ikakaza marufuku ya silaha. Silaha ziliendelea kuingia. Mwaka 1836 kikosi cha wanafunzi waliokuwa wakifanya mazoezi ya kijeshi kiliamriwa kivunjwe kisipokubali masharti ya walimu. Kikakaidi, fujo zikazuka, na wanafunzi wapatao 70 wakafukuzwa, ingawa wengi walirudishwa baadaye. Toka hapo kila Novemba 12 ikawa siku ya kuikumbuka fujo ile kwa vinyago na milio ya risasi. Novemba 12, 1840, John A. G. Davis, profesa wa sheria na mwenyekiti wa walimu, alitoka nje ya nyumba yake usiku kuwaangalia vijana wawili waliokuwa wakifyatua bastola. Alimfuata mmoja ili amvue kinyago. Kijana akageuka akampiga risasi. Davis alifariki siku mbili baadaye. Safari hii wanafunzi hawakutia saini tamko lolote la ukimya, walishiriki kumsaka muuaji, Joseph Semmes wa Georgia, mpaka akapatikana. Damu ya mwalimu aliyependwa iliwaonyesha mpaka ambao kuficha rafiki hakuwezi kuuvuka.

Aliyeshika nafasi ya Davis ni Henry St. George Tucker, jaji wa zamani. Julai 4, 1842, alipendekeza kwa walimu wenzake kwamba tangu siku hiyo kila mwanafunzi anayefanya mtihani atie saini cheti, kwa heshima yake, kwamba hakupata msaada kutoka kwa mtu wala maandishi yoyote. Pendekezo likapita. Halikuunda mahakama ya wanafunzi, wala halikutaja adhabu. Wanaoitetea adhabu ya kufukuzwa kama nguzo ya asili ya desturi hii husahau kwamba hati iliyoianzisha haina neno hata moja juu yake. Nasoma azimio la Tucker kama mkataba wa amani. Kwa miaka 17 walimu walikuwa wamefanya kazi ya polisi, na polisi katika jamii ile alipata chuki na mwishowe risasi. Tucker alikubali kuvua koti la polisi katika jambo moja, na badala yake akaomba kitu ambacho vijana wale walikithamini kuliko cheti cha kuhitimu, yaani neno lao. Mahakama ya wanafunzi na adhabu yake viliota baadaye, taratibu, kama desturi zinavyoota. Aliyevunja neno alitengwa na wenzake, akatakiwa aondoke, akaondoka. Kamati rasmi ya Heshima, yenye wajumbe na taratibu zilizoandikwa, ni kazi ya mwanzoni mwa karne ya 20.

Hapa inafaa kuuliza neno lenyewe, heshima, lilikuwa mali ya nani. Msomaji wa Kiswahili ana njia ya mkato ya kulielewa jambo hili, kwa sababu lugha yetu imelihifadhi ndani ya neno moja. Muungwana leo ni mtu mwenye adabu na mwenendo mwema. Zamani, katika miji ya pwani, muungwana alikuwa mtu huru, na kinyume chake kilikuwa mtumwa. Kabla ya kuwa tabia, uungwana ulikuwa daraja. Virginia ya mwaka 1842 ilikuwa hivyo hivyo. Wanafunzi walikuwa wana wa wenye mashamba, na chuo chao kilijengwa na kuhudumiwa na watumwa. Chuo chenyewe kinakadiria kwamba watu wapatao 4,000 waliishi na kufanya kazi pale wakiwa watumwa kati ya 1817 na 1865. Kwa sheria ya Virginia, mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hakuruhusiwa kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu. Neno la kijana wa miaka 18 liliaminiwa bila shahidi, na neno la mzee aliyempikia chakula halikusikilizwa hata kama aliyaona mambo kwa macho yake. Kumbukumbu za vikao vya walimu zinataja wanafunzi waliowapiga watumwa. Lakini heshima iliyokuwa ikilindwa ilihusu mtihani, na baadaye udanganyifu kwenye karata na kutolipa madeni: mambo baina ya waungwana.

Sisemi haya ili kuitupa desturi nzima. Mambo mengi mema yamezaliwa katika nyumba mbaya. Nayasema kwa sababu yanaeleza adhabu ile ilitoka wapi. Katika jamii ndogo ya watu wa daraja moja, wanaojuana koo zao, kudanganya kulimtoa mtu katika uungwana, na aliyetoka katika uungwana hana daraja la katikati la kukaa. Ama uko ndani ama uko nje. Ndiyo maana hakuna aliyefikiria adhabu ya miezi sita au kazi ya kufidia. Adhabu hiyo moja haikutokana na kupima uzito wa makosa. Ilikuwa tangazo la hadhi, na tangazo la hadhi halina nusu. Na liliwezekana kutekelezwa kwa urahisi kwa sababu kijana aliyeondoka Charlottesville kwa aibu alirudi kwenye shamba la baba yake, akasimamia mali, maisha yakaendelea.

Jamii hiyo ilikwisha. Mwaka 1950 amri ya mahakama ya shirikisho ilimfungulia Gregory Swanson mlango wa shule ya sheria, akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi chuoni hapo. Mwaka 1972 wanawake wakapokelewa kwa masharti sawa na wanaume. Chuo kilichoanza na wanafunzi wasiozidi 130 katika mwaka wake wa kwanza sasa kina zaidi ya 17,000 wanaosomea shahada ya kwanza, baadhi yao wakiwa ni watu wanaolipia masomo kwa mikopo na ambao wakifukuzwa hawana shamba la kurudia. Kufukuzwa kwa mwaka 1850 na kufukuzwa kwa mwaka 2000 ni kitu kimoja kwa jina tu.

Sheria ya nchi nayo ilibadilika, na mabadiliko hayo yalitoka mahali ambapo waungwana wa 1842 wasingepatazamia. Mwaka 1960 wanafunzi weusi wa Alabama State College mjini Montgomery walikwenda kukaa kwenye mgahawa uliokataza weusi. Wakafukuzwa chuo bila kuelezwa kosa wala kusikilizwa. Mwaka uliofuata, katika shauri lenye jina la mmoja wao, Dixon, mahakama ya rufani ya shirikisho ilisema chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumjulisha tuhuma na kumpa nafasi ya kujieleza. Tangu hapo kamati za heshima katika vyuo vya umma vya Marekani zimelazimika kutoa taarifa ya mashitaka na kusikiliza utetezi, na ile ya Virginia ikawa kitu kinachofanana na mahakama: wasaidizi wa utetezi, wazee wa baraza waliochaguliwa, rufani. Taratibu za Virginia zilipopingwa, mahakama ya rufani ilizikagua mwaka 1983 ikaona zinatosha. Zilitosha kwa sababu zilikuwa nzito. Shauri moja likawa kazi ya wiki na miezi, inayofanywa na vijana wenye mitihani yao wenyewe. Uzito huo haukuepukika maadamu mwisho wake ungekuwa mtu kupoteza chuo kwa maisha yake yote.

Chuo cha kijeshi cha West Point kinatoa mfano wa pembeni unaosaidia kuona jinsi ukali unavyokula mizizi yake. Kanuni yake inakataza kusema uongo, kudanganya na kuiba, na inakataza pia kumvumilia anayefanya hayo. Kwa hiyo anayenyamaza ana hatia sawa na mkosaji. Mwaka 1951 wanafunzi wapatao 90 waliondolewa kwa udanganyifu wa mitihani, wakiwamo wachezaji wengi wa timu ya mpira wa Kimarekani. Mwaka 1976, katika kazi moja ya somo la uhandisi wa umeme iliyofanywa nje ya darasa, zaidi ya 150 walihusika. Hebu tuzipime idadi hizo. Udanganyifu wa watu 90 au 150 wanaolala mabweni yale yale haufichiki kwa wenzao. Walijua wengi, na kanuni iliyowaamuru waseme, kwa tishio la kuwafukuza wasiosema, haikuwafanya waseme. Kulikuwa hata na desturi ya kumsusa kwa kimya mtu ambaye kamati ilimtia hatiani lakini uongozi ukamfutia kesi: mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanafunzi mmoja aliishi zaidi ya mwaka na nusu bila wenzake kuzungumza naye, akila peke yake mezani. Desturi hiyo ilifutwa mwaka 1973. Baada ya 1976, zaidi ya 90 kati ya walioondolewa waliruhusiwa kurudi baada ya mwaka mmoja, na mkuu wa chuo akapewa uhuru wa kuchagua adhabu.

Virginia ilipata somo lake mwaka 2001. Profesa Louis Bloomfield, aliyefundisha kozi ya fizikia iliyopendwa na wengi, alipata fununu kutoka kwa mwanafunzi mmoja kwamba wako wanaowasilisha insha za wenzao wa miaka ya nyuma. Alitengeneza programu ya kompyuta iliyolinganisha insha zaidi ya 1,500 za mihula mitano, ikitafuta mafungu ya maneno sita yanayofanana. Kesi 122 zilitoka mwanzoni. Baadaye zikafika 158. Zaidi ya wanafunzi 40 waliondoka au wakafukuzwa, na wengine walivuliwa shahada walizokwisha kuchukua. Magazeti yaliandika kwamba heshima imeporomoka. Mimi naona kilichoporomoka ni dhana kwamba adhabu kali inatisha. Hao wote waliandika insha zao wakijua kwamba adhabu ni kufukuzwa, na waliowapa insha za kunakili walijua vilevile. Katika mihula mitano, mashine moja iligundua kile ambacho wanafunzi mia kadhaa waliotia saini ya heshima hawakukifikisha kwenye kamati.

Walikaa kimya kwa nini? Jibu rahisi ni woga au urafiki, na lina ukweli. Lakini mwanafunzi anayemwona mwenzake akipiga chabo hupima jambo kwa mizani mbili: kosa na mwisho wake. Akijua kwamba neno lake litamfuta mtu chuoni milele kwa sababu ya maswali mawili ya jaribio, atanyamaza, na hatanyamaza kwa sababu hana dhamiri. Dhamiri ndiyo inayomnyamazisha. Walimu nao walifanya hivyo, wakimaliza mambo ofisini mwao kwa kumpa mtu sifuri. Wazee wa baraza nao vilevile. Kanuni ilitaka kosa liwe zito kiasi cha kuharibu hali ya kuaminiana, na wakati adhabu ni moja tu, swali la uzito hugeuka kuwa swali jingine: je, huyu anastahili kupoteza chuo? Aliyedanganya kweli akaachiwa huru kabisa, kwa sababu hapakuwa na kitu chochote kati ya kila kitu na bure.

Pingamizi kubwa la watetezi halipaswi kudharauliwa. Wanasema ukiweka adhabu ndogo unampa kila mtu ruhusa ya kudanganya mara moja. Atapima faida na hasara kama mfanyabiashara, na heshima itakuwa na bei. Pingamizi hili lina nguvu mahali ambapo kukamatwa kuna uhakika. Pale ambapo kukamatwa kunategemea neno la jirani yako wa dawati, mpimaji huyo tayari alikuwa na hesabu nzuri zaidi chini ya adhabu kali: jirani hatasema. Pia wanasema hoja ya miaka mingi, kwamba desturi iliyodumu hivyo ina hekima ambayo kizazi kimoja hakiwezi kuiona. Ningeiheshimu zaidi hoja hiyo kama kilichodumu kingekuwa kitu kimoja. Ahadi ya 1842 imedumu. Adhabu ilidumu kwa jina, huku watu wakiizunguka kimya kimya mwaka baada ya mwaka.

Wako pia wanaosema hukumu ziondolewe kabisa mikononi mwa wanafunzi, wapewe walimu au mawakili. Wanayo sababu: ripoti ambazo Kamati ya Heshima yenyewe ilizitoa zilionyesha kwamba baadhi ya makundi, hasa wanafunzi wa kigeni na wenye asili ya Asia, yalishitakiwa kuliko idadi yao, na kabla yao wanafunzi weusi walilalamika kwa miaka mingi kwamba macho ya chuo huwaangukia wao kwanza. Hilo ni jeraha la kweli, na linatoka moja kwa moja katika ule uungwana wa daraja. Lakini wengi wa wanaoripoti kesi hizo ni walimu, kwa hiyo kuwapa walimu hukumu pia hakuondoi upendeleo, kunauficha mahali pasipo na takwimu. Tunajua tofauti hizo kwa sababu wanafunzi walizihesabu wakazichapisha.

Ilipofika 2013 wanafunzi waliamua kwamba mshitakiwa akikiri ndani ya siku saba baada ya kujulishwa tuhuma, ataondoka kwa mihula miwili kisha arudi. Kujitaja, tena, badala ya kutajwa. Mwaka 2016 pendekezo la kuruhusu adhabu zaidi ya moja lilipata karibu asilimia 59 ya kura. Katiba yao ilitaka 60. Machi 2022 zaidi ya asilimia 80 waliibadili adhabu ya kufukuzwa iwe kuondoka kwa mihula miwili, na mwaka uliofuata wakapitisha katiba mpya inayoliruhusu jopo kupima kila kosa: mafunzo, kufidia waliodhurika, kusimamishwa kwa muda, na kwa makosa mazito zaidi, kuondolewa kabisa. Kufukuzwa bado kupo. Sasa kunahitaji sababu.

Mwaka huo huo wa 2023, upande wa pili wa nchi, Chuo Kikuu cha Stanford, ambacho kanuni yake ya heshima ya 1921 iliandikwa na wanafunzi na kuwakataza walimu kukaa kulinda mitihani, kilikubali kuanza majaribio ya kuwarudisha wasimamizi ndani ya vyumba. Baada ya karne moja, walimu wa Stanford walivaa tena koti ambalo Tucker alilivua. Charlottesville ilipunguza ukali ikabaki na ahadi. Bado mwanafunzi wa huko, akimaliza karatasi yake, huandika mstari ule na kuweka jina lake chini.